Mambo ya Nyumbani: Mtoto Aulizapo Habari za Mauti



Mwezi wa Novemba Kanisa huwakumbuka marehemu wake. Siku ya kwanza ni ya Watakatifu Wote, na siku ya pili twawaombea Wakristo wote waliokufa. Katika nchi hii ya Tanga siku hiyo ya pili ina ukumbusho mwingine pia, kwa maana Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikufa Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924. Basi siku hizo watu huenda makaburini, wakapalilia majani, wakaweka maua, wakasimamisha misalaba iliyoanguka. Lakini twaona ya kuwa watoto wadogo huachwa nyumbani. Ukiuliza sababu, waambiwa, "Mtoto huyu hajui neno, mwache acheze."

Maneno hayo ndiyo tutakayoyatazama mwezi huu. Sisi twasema mtoto ajua. Ila ajuacho ni nusu, na nusu iliyobaki huijaza mwenyewe kwa hofu. Wala dawa ya hofu hiyo si kumficha. Dawa yake ni kweli, iliyosemwa mapema, kwa maneno machache, na mtu ampendaye.

MANENO YAFICHAYO

Sisi watu wa pwani tuna adabu nyingi katika kutaja mauti. Hatupendi kusema waziwazi ya kuwa fulani amekufa. Twasema amefariki, ametutoka, hatunaye, amepumzika, amesafiri. Adabu hii ni njema kwa watu wazima, maana kila mmoja ajua lililo chini ya neno. Mtoto wa miaka mitatu au minne hajui. Yeye hulipokea neno kama lilivyo.

Mtazameni mtoto wa Pangani aambiwaye, "Mama yako amesafiri." Safari aijua. Kila siku huona kivuko kikivuka mto kwenda Bweni, kisha kikarudi. Huona mashua zikitoka mlangoni mwa mto zimetweka tanga, na baada ya siku chache zaingia tena. Shangazi yake huenda Tanga asubuhi, akarudi na mkate au kiatu kipya. Kwake yeye, asafiriye hurudi, tena huja na zawadi. Basi mtoto hungoja.

Twamjua mmoja aliyengoja hivyo. Umri wake ulikuwa kama miaka mitano, naye kila jioni alikwenda kivukoni akatazama nyuso za wanawake walioshuka. Watu walimhurumia, wakampa andazi, wakamrudisha nyumbani. Hakuna aliyemwambia neno. Miezi ilipopita hakulia, bali alikasirika. Alisema mama yake hampendi, maana amekwenda zake bila kumwaga, wala harudi. Bibi yake alipoyasikia hayo alimpakata, akamweleza ya kuwa mama aliugua sana, akafa, akazikwa, wala hakutaka kumwacha. Mtoto alilia siku mbili. Siku ya tatu akaomba apelekwe kaburini, na tangu siku ile hakwenda tena kivukoni kungoja. Kilio kile cha siku mbili kilikuwa haki yake, nasi watu wazima tulikuwa tumemnyima.

Maneno mengine pia yana miiba yake. Mwambie mtoto, "Babu amelala," naye usiku atakataa kufumba macho, asije akalala usingizi ule ule. Na baba yake akijinyosha mchana, atamtikisa mpaka aamke. Mwambie, "Mungu amempenda mno, amemchukua," naye atafikiri ya kuwa Mungu ni mnyang'anyi, au ataogopa kuwa mtoto mwema, asije akapendwa akachukuliwa. Na lililo baya kuliko yote ni kusema mbele yake, "Huyu hakufa hivi hivi, amerogwa na fulani." Neno hilo humfanya aogope nyumba ya jirani, na akikua huwa chuki. Mtoto hawezi kulipima neno la mkubwa. Alisikialo msibani huliweka moyoni miaka mingi.

Tena tujifunze kwa Bwana wetu mwenyewe. Katika Injili ya Yohana, sura ya 11, aliwaambia wanafunzi habari za Lazaro kwa neno la usingizi, nao hawakufahamu. Walidhani alala usingizi wa kawaida, na ya kuwa atapona. Ndipo alipowaambia waziwazi ya kuwa Lazaro amekufa. Ikiwa watu wazima, tena mitume, walipotea kwa neno hilo, mtoto wa miaka minne atawezaje kulifahamu? Na Bwana alipofika kaburini, alilia machozi mbele ya watu wote, hali alijua ya kuwa atamfufua. Kwa hiyo mzazi asione haya kulia mbele ya mtoto wake. Amwambie tu, "Nalia kwa kuwa nampenda bibi yako na sasa hayupo. Si wewe uliyenikosea."

MTOTO AFAHAMUVYO

Mwaka 1948 bibi mmoja mwenye elimu, Maria Nagy, alitangaza habari alizozikusanya katika mji wa Budapest, nchi ya Hungaria, kwa watoto 378 wa miaka 3 hata 10. Aliona ya kuwa wadogo kabisa, wa miaka 3 hata 5, hudhani ya kuwa aliyekufa yu hai mahali pengine, kama mtu aliyelala au aliyesafiri. Wa miaka 5 hata 9 wengi waliyawaza mauti kuwa ni mtu ajaye kuchukua watu, tena labda aweza kukimbiwa. Wa miaka 9 na zaidi walifahamu ya kuwa ni mwisho wa uhai wa mwili, nao huwajia wote. Wataalamu waliofuata wameona ya kuwa watoto wengi hufahamu mapema zaidi, kati ya miaka 5 na 7, wala si wote wanaoyawaza mauti kuwa mtu. Lakini jambo kubwa halikubadilika: mtoto hufahamu kwa vipande, si kwa mara moja.

Vipande hivyo ni vinne. Kwanza, aliyekufa harudi. Pili, mwili wake haufanyi kazi tena: hapumui, haoni, haumwi, hasikii baridi wala njaa. Tatu, kila kilicho hai hufa. Nne, mauti yana sababu, kama ugonjwa, ajali au uzee. Si hasira ya mtoto wala uchawi wa jirani. Mzazi mwenye busara huvitoa kidogo kidogo, kabla msiba haujaingia nyumbani. Kifaranga kikifa uani, usikitupe upesi jalalani. Mwite mtoto, mwambie atazame: hakipumui, hakili, hakilii. Mwache akichimbie shimo. Akiuliza mara kumi kama kitaamka, mjibu mara kumi ya kuwa hakitaamka. Huo ni mwanzo mwema, kwa kuwa ajifunza penye huzuni ndogo lile litakalomfaa siku ya huzuni kubwa.

JINSI YA KUMWAMBIA

Msiba ukifika, amwambie mtu aliye karibu naye kupita wote: baba, mama, au bibi aliyemlea. Wala asicheleweshe, maana mtoto asikiapo kilio cha wanawake na kuona watu wamejaa uani, amekwisha kujua ya kuwa kuna jambo; akikosa kuambiwa na wake, ataambiwa na watoto wenzake, tena kwa ukatili. Mkalishe karibu, mshike mkono, kisha sema, "Mwanangu, nina habari ya huzuni. Babu alikuwa mgonjwa sana. Waganga wa hospitali walijitahidi, lakini mwili wake ulichoka kabisa, na leo alfajiri amekufa. Hatutamwona tena hapa nyumbani. Sisi tupo, nasi tutakutunza." Kisha nyamaza. Maneno mengi ni ya kumtuliza msemaji. Mtoto yamtosha hayo.

Atauliza. Maswali yake mara nyingi ni matatu, hata kama hakuyatamka. La kwanza ni hili: Je, ni mimi niliyesababisha? Labda jana alikasirika akasema, "Na ufe," au hakutii alipotumwa maji. Mwambie waziwazi ya kuwa neno la mtoto haliui mtu, wala wazo lake. La pili: Na wewe utakufa? Usimwapie ya kuwa hutakufa kamwe, kwa maana njia ya mwongo ni fupi. Sema, "Watu wote hufa, na wengi hufa wakiwa wazee. Mimi sasa ni mzima, nami natumaini kukulea hata ukue." La tatu: Nani atanitunza? Hapa usijibu kwa maneno makubwa. Mtajie watu: nani atapika, nani atampeleka shule, atalala chumba gani. Mtoto hutulizwa na jambo alijualo litakuwa kesho asubuhi.

Wala msistaajabu mkiona alia kidogo, kisha akatoka kwenda kucheza, kisha akarudi kulia tena. Huzuni ya mtoto ni kama maji ya pwani, hujaa na kupwa. Wako wasemao, "Tazameni, hana uchungu huyu." Wamemdhulumu. Hata akicheza mazishi, akamfunika mtoto wa bandia kitambaa na kuwaita wenzake waimbe, msimkaripie. Hivyo ndivyo atafutavyo maana ya yale aliyoyaona.

MSIBANI NA MAKABURINI

Wengi hutuuliza kama ni vema mtoto mdogo ahudhurie mazishi. Sisi twajibu hivi: aelezwe, aulizwe, asilazimishwe. Aelezwe kabla ya kuona: "Utaliona jeneza. Mwili wa babu umo ndani, nao hausikii maumivu. Watu watalia, na wengine watalia kwa sauti kuu. Padre atasali, kisha watu watatia udongo." Akitaka kwenda, aende na mtu mmoja ambaye kazi yake siku ile ni mtoto huyo tu, awezaye kutoka naye akichoka. Asipotaka, asiambiwe ya kuwa hakumpenda babu yake. Wala asisukumwe kumgusa maiti kwa nguvu. Jambo hilo limewatia watoto wengi ndoto mbaya.

Yako mambo ya matanga yetu ambayo mtoto hayafahamu asipofundishwa. Watani wakija, huiga mwendo wa marehemu na sauti yake, wakachekesha watu. Mtu mzima ajua ya kuwa utani ni heshima na faraja, tena huwapumzisha waliolia. Lakini mtoto aweza kudhani ya kuwa watu wamdhihaki baba yake, au ya kuwa baba yake amerudi. Maneno mawili yatosha: "Hawa ni watani wetu. Wamwiga kwa kuwa walimjua na kumpenda." Vivyo hivyo ikiwa jirani au ndugu ni Mwislamu, mtoto ataona mazishi yasiyo kama yetu: sanda bila jeneza, na mjane akikaa eda miezi minne na siku kumi. Mwelezeni kwa heshima. Machozi ya jirani hayana dini yake, na mtoto ajifunzaye kumfariji mwenziwe ajifunza pia kufarijiwa.

ALIYEPOTEA BAHARINI

Sisi tukaao kando ya bahari tuna msiba ambao watu wa bara hawaujui sana, nao ni wa mtu asiye na kaburi. Mvuvi atoka alfajiri na ngalawa yake, harudi. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba hali imejaza watu kupita kiasi, ilizama upande wa Nungwi; watu zaidi ya 200 walikufa, na wengine miili yao haikuonekana. Bahari ile ndiyo hii hii tuitazamayo kutoka Pangani.

Mtoto wa mtu aliyepotea hivyo ana kazi ngumu kuliko wote, maana hakuona jeneza wala kaburi, na kila tanga litokealo mbali humrudishia tamaa. Hapa wakubwa yawapasa wafanye jambo ambalo lawauma wenyewe. Baada ya kutafuta na kuulizia kote, na kukata shauri kwa wazee wa ukoo na padre, wachague siku, wakusanyike, wamwambie mtoto, "Tumetafuta kila mahali. Twaamini ya kuwa baba amekufa baharini. Hatumngoji tena." Kisha wamfanyie ibada kama wengine, na wamwekee mahali pa ukumbusho: msalaba makaburini wenye jina lake, au mnazi mchanga ambao mtoto mwenyewe ataumwagilia maji. Na ikiwa mtoto ataogopa kuvuka maji, asicheke mtu. Aende kwanza kutazama tu, siku nyingine akae kivukoni kimetia nanga, siku nyingine avuke ameshikwa mkono. Hofu iingiayo kwa ghafula hutoka polepole.

HOFU ZA USIKU

Baada ya msiba mtoto aweza kurudi nyuma: aliyekuwa amekwisha acha hukojoa kitandani, aliyezoea kulala peke yake hulia taa ikizimwa, naye hushika kanga ya mama kila aendapo. Haya si ukaidi, wala hayaponi kwa fimbo. Acheni taa ndogo. Kaeni naye mpaka usingizi umchukue. Saa ya kula na saa ya kulala zisibadilike, kwa maana mtoto aliyeona jambo moja kubwa likivunjika ataka kuona ya kuwa mengine hayakuvunjika.

Tena acheni kabisa kumtisha kwa mauti au kwa vitu vya giza ili anyamaze. Wako walezi wasemao, "Nyamaza, mumiani watakuchukua," au wasikiao bundi akilia juu ya mwembe wakasema mtu atakufa. Hata jina moja la ndege huyo kwetu ni babewatoto, kana kwamba kazi yake ni kuwawinda watoto wetu. Bundi ni ndege alaye panya. Alia kwa kuwa ni sauti yake. Na mtoto aliyetishwa kwa mumiani, siku augulie kweli, atakimbia hospitali iliyo msaada wake. Tumtiaye hofu leo kwa mzaha, twamkuta nayo kesho msibani.

Lakini ikiwa majuma mengi yamepita na mtoto bado hali, halali, hacheki kamwe, au asema ataka kumfuata aliyekufa, msingoje. Mwambieni padre na mwalimu, mkampeleke hospitali. Mficha maradhi kifo humwumbua, na moyo wa mtoto una maradhi yake kama mwili.

NENO KWA WAALIMU

Mwalimu apatapo habari ya kuwa mwanafunzi amefiwa, awaambie wenzake darasani kabla hajarudi, awafundishe neno la kusema: "Pole; twafurahi umerudi." Yatosha. Asimwite "yatima" mbele ya watu, wala asimsimamishe mbele ya darasa ili aombewe bila kumwuliza. Kwa muda atasahau hesabu alizozijua na kutazama dirishani. Mwalimu amvumilie, ampe kazi ndogo ya mkono, kama kufuta ubao au kugawa vitabu, na ampe ruhusa ya kutoka nje kidogo machozi yakimjia. Mtoto mwingi wa miguu alikuwa akilia moyoni, na sisi tukamhesabu mvivu.

MATUMAINI YETU

Wengine watasema, "Mbona hamkuanza na mbinguni?" Twajibu ya kuwa matumaini hujengwa juu ya kweli, si mahali pake. Mtoto aambiwaye habari za mbinguni kabla hajajua ya kuwa babu amekufa, huuliza gari la kwenda huko hupitia wapi. Kwanza ajue ya kuwa mwili umekufa, nao umezikwa. Kisha aambiwe tuaminilo: ya kuwa babu yu mikononi mwa Mungu, na ya kuwa Kristo aliyefufuka atatufufua. Mtume Paulo aliwapa Wakorintho mfano wa mbegu, nasi twaweza kuutumia kwa punje ya hindi tuliyoipanda pamoja na mtoto. Ila tumweleze ya kuwa ni mfano, asije akakaa kaburini akingoja babu achipuke. Na asiulizwe ya kuwa ameamini kwa nini bado alia. Imani haiondoi machozi. Huyapa mahali pa kwenda.

Basi tarehe 2 ya mwezi huu, mwendapo makaburini, wachukueni watoto wenu. Wape jembe dogo au ua la kushika. Wasomeeni majina, waambieni huyu alikuwa nani, alipenda nini, alicheka vipi. Wakiuliza, wajibuni. Na jioni, kabla ya kulala, mwaweza kusali pamoja nao maneno haya machache:

Ee Baba, wewe wamjua babu yetu kwa jina. Sisi twamkosa. Mtunze kwako, utunze na sisi usiku huu, ututoe hofu, utuamshe asubuhi kwa amani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.